Clyde Kennard: Mtu Aliyeomba Nafasi ya Chuo kwa Barua

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, habari za jioni. Na wazee wangu mlioketi safu ya mbele, shikamooni.

Mada mliyonipa ni nafasi ya wanaharakati katika kuvunja utengano wa rangi kwenye vyuo vikuu vya Kusini mwa Marekani, na nadhani wengi wenu mnatarajia nianze na James Meredith, yule aliyewahi kuwa askari wa jeshi la anga, aliyeandikishwa katika Chuo Kikuu cha Mississippi mjini Oxford tarehe 1 Oktoba 1962, baada ya usiku wa ghasia zilizoua watu wawili, mmoja wao mwandishi wa habari kutoka Ufaransa, na baada ya Rais Kennedy kupeleka maelfu ya askari kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Ni habari kubwa na inastahili ukubwa wake. Lakini usiku ule ule, katika jimbo lile lile na chini ya gavana yule yule, Ross Barnett, mtu mwingine mweusi alikuwa amelala gerezani na saratani ya utumbo mpana, na kosa lake halisi lilikuwa kwamba alimtangulia Meredith kwa miaka kadhaa kuomba kitu hicho hicho katika chuo kingine. Jina lake ni Clyde Kennard. Hakuwahi kuketi katika darasa la chuo alichokiomba hata siku moja.

Nimemchagua yeye kwa sababu habari yake inatuonyesha jambo ambalo picha za ghasia za Oxford zinalifunika. Kabla watu wenye mawe na bunduki hawajafika, mlango wa chuo ulikuwa umeshalindwa kwa miaka mingi na watu waliovaa tai: msajili, mkuu wa chuo, mpelelezi, gavana na hakimu, watu waliozungumza kwa sauti ya chini na kuandika kumbukumbu za vikao vyao. Kazi kubwa aliyoifanya Kennard, kwa maoni yangu, ni kuwalazimisha watu hao kutumia visingizio vyao vyote vya adabu, kimoja baada ya kingine, mpaka vikawaishia.

Kennard alizaliwa tarehe 12 Juni 1927 katika eneo la Hattiesburg, kusini mwa Mississippi. Akiwa na miaka 12 alipelekwa Chicago kwa dada yake mkubwa ili asome, kama vile ambavyo kwetu mtoto wa kijijini hupelekwa kwa shangazi yake mjini. Mwaka 1945 aliingia jeshini. Alitumika Ujerumani baada ya vita, kisha Korea akiwa askari wa miavuli, na alipotoka mwaka 1952 akaelekea kwenye masomo. Alikuwa amefikisha miaka mitatu ya masomo ya shahada, sehemu kubwa yake katika Chuo Kikuu cha Chicago, wakati baba yake wa kambo alipougua. Mwaka 1955 akaacha masomo, akarudi Mississippi kumsaidia mama yake kuendesha shamba la kuku huko Eatonville, nje kidogo ya Hattiesburg.

Naomba tusimame kidogo hapo kwenye kuku, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanaanzia pale. Mwenye kufuga kuku hawezi kusafiri. Kuku hula asubuhi na jioni, mayai huokotwa kila siku, na mgonjwa ndani ya nyumba naye ana saa zake za dawa. Kennard alikuwa na umri wa miaka 28, amebakiza masomo ya mwaka mmoja kupata shahada yake ya kwanza, na karibu na shamba lake palikuwa na chuo cha serikali ya jimbo, Mississippi Southern College, kilichoendeshwa kwa kodi ambazo yeye na mama yake walizilipa kama watu wengine. Hakukichagua kwa sababu alitaka kupigana na jimbo. Alikichagua kwa sababu kilikuwa jirani. Baadaye viongozi walipomtaka aende chuo kingine, jibu lake lilibaki lile lile la mtu mwenye mifugo na mzazi wa kutunza: kwamba hiki ndicho chuo cha hapa kwetu.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeshatamka mwaka 1954 kwamba utengano wa rangi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Viongozi wa Mississippi walijua kwamba wasingeweza tena kuandika kwenye fomu kuwa chuo ni cha weupe peke yao, kwa hiyo wakatafuta maneno mengine. Mapema mwaka huo huo kijana mmoja aliyeitwa Medgar Evers, ambaye baadaye alikuja kuwa katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, katika jimbo zima, aliomba kusoma sheria katika chuo cha Oxford akakataliwa, na baada ya ombi lake bodi ya vyuo vya jimbo iliweka sharti jipya: kila mwombaji alete barua za kumdhamini kutoka kwa watu watano waliohitimu katika chuo anachokiomba, wanaoishi katika kaunti yake. Ukilisoma haraka sharti hili halina neno la rangi hata moja. Lakini wahitimu wote wa chuo kile walikuwa weupe, na ni mzungu gani wa Hattiesburg ya mwaka 1955 angeweka saini yake chini ya ombi la mfugaji kuku mweusi, akijua kwamba kesho yake benki, kanisa na majirani watamuuliza? Kennard alipopeleka maombi yake kwa mara ya kwanza, alirudishiwa kwa sababu hiyo: hana barua tano.

Sisi tuliokulia huku tunalifahamu dirisha la aina hii, ingawa letu halikuwa na ukatili wa lile. Nikiwa kijana niliwahi kuzungushwa na ofisi moja kwa wiki kadhaa, leo picha haina ukubwa unaotakiwa, kesho mhuri haujakolea, keshokutwa mwenye kusaini amesafiri, na kila mara naambiwa "njoo kesho" kwa tabasamu. Mtu anayeambiwa "hatukutaki" anajua pa kulalamikia. Anayeambiwa "njoo kesho" hurudi nyumbani akijilaumu mwenyewe.

Kennard hakujilaumu, na wala hakupiga kelele. Alichukua karatasi akaandika gazetini. Barua zake kwa gazeti la mji, *Hattiesburg American*, ndizo ninazopenda kuwapa wanafunzi wangu wanaponiuliza hoja nzuri inafananaje. Katika barua ya Desemba 1958 aliichukua ile nadharia ya "tofauti lakini sawa", yaani kwamba weusi na weupe wanaweza kutengwa mradi kila upande upewe huduma sawa, akaifuata hatua kwa hatua mpaka mwisho wake. Tukishajenga vyuo viwili vya uzamili, aliuliza, tunaelekea wapi? Je, tutajenga hospitali mbilimbili kwa ajili ya makundi mawili ya madaktari? Tutajenga madaraja mawili juu ya mto mmoja ili wahandisi wa pande zote wapate kazi sawa? Tutakuwa na mahakama mbili kwa ajili ya mawakili, mabunge mawili kwa wapenda siasa, na bila shaka magavana wawili? Kisha akaeleza wanachokiomba watu weusi: kwamba katika kila jambo la kushindania, kipimo kiwe uwezo wa mtu na si rangi yake. Hakuna tusi katika barua ile. Mhariri aliichapisha, na nadhani wasomaji wengi weupe, waliposoma habari ya madaraja mawili, walicheka kabla hawajakumbuka kwamba hawatakiwi kucheka.

Alikuwa pia mtu wa watu wake. Alifundisha watoto kanisani siku za Jumapili, na pamoja na Vernon Dahmer, mkulima na mfanyabiashara aliyeheshimika sana eneo lile, alilea tawi la vijana la NAACP. Katika kundi lile walikuwamo akina dada wawili, Joyce na Dorie Ladner, ambao baadaye walikuwa nguzo za harakati za jimbo. Kazi hii haikupigwa picha, lakini ukitaka kujua harakati za Hattiesburg za miaka ya 1960 zilitoka wapi, chungulia kwenye vikao vile vya vijana vya miaka ya 1950.

Barua ya Desemba 1958, iliyotangaza kwamba angeomba tena, iliamsha chombo ambacho wengi wenu huenda hamjakisikia. Mwaka 1956 bunge la Mississippi lilikuwa limeunda Tume ya Kulinda Mamlaka ya Jimbo, ofisi kamili ya serikali iliyolipwa kwa fedha za walipa kodi, wakiwamo weusi, ili ipeleleze kila mtu aliyetaka kuuvunja utengano. Tume ilimtuma mpelelezi wake, Zack Van Landingham, aliyewahi kuwa ofisa wa FBI, achimbe maisha ya Kennard. Akachunguza shule alizosoma, kumbukumbu za jeshi, benki na madeni, akawahoji majirani na watu waliomfahamu, akitafuta ulevi, ukomunisti, mwanamke wa pembeni au hundi isiyolipika. Taarifa aliyoileta, ukiisoma leo, inafanana na barua nzuri ya kumdhamini mtu: kwamba ni mwenye akili, msomi, mpole wa maneno, mwenye heshima, anayetaka kuwainua watu wa rangi yake. Waliotaka barua tano wangeweza kuichukua hiyo ikawa ya kwanza.

Lakini ndani ya taarifa hiyo hiyo limo jambo la kutisha. Mpelelezi alizungumza na mkuu wa Baraza la Raia la Hattiesburg, yaani ule umoja wa weupe wenye vyeo na biashara uliosimamia utengano, naye akamweleza kwamba lingekuwapo la kufanya: gari la Kennard lingeweza kugongwa na treni, au apate ajali barabarani, na hakuna ambaye angejua tofauti. Mpelelezi aliyaandika maneno hayo, akayapeleka ofisini, yakawekwa kwenye jalada. Hakuna aliyekamatwa kwa kuyasema.

Gavana wa wakati ule, J. P. Coleman, alipendelea njia laini. Yeye na mkuu wa chuo, William D. McCain, walimwita Kennard wakamwomba aahirishe, na watu weusi wenye vyeo vya elimu nao waliombwa wakamshawishi. Kennard alikubali kuondoa ombi lake mwanzoni mwa mwaka 1959. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naliona kuwa sehemu ya mkakati wake: alitaka kuonyesha kwamba ametimiza kila aliloombwa, ili atakaporudi asiwepo wa kusema kwamba ana haraka. Na alirudi.

Tarehe 15 Septemba 1959 aliendesha gari lake mpaka chuoni kwa ajili ya miadi na mkuu wa chuo. Jaribuni kuiona ofisi ile. McCain nyuma ya meza. Pembeni Van Landingham, mpelelezi wa serikali, ndani ya kikao cha udahili wa mwanafunzi. Na mbele yao mfugaji kuku, askari wa zamani, akiuliza kama ombi lake limekubaliwa. Akaambiwa kwamba limekataliwa, na akatajiwa kasoro za makaratasi. Hakubishana. Akaaga, akatoka, akatembea kurudi kwenye gari lake, na pale wakamkamata makonstebo wawili kwa madai ya kuendesha gari kwa hatari. Baadaye yakaongezwa madai mengine: kwamba ndani ya gari zimekutwa chupa tano ndogo za wiski. Mississippi ilikuwa bado jimbo lisiloruhusu pombe kali, na mshitakiwa alikuwa mlokole wa kanisa la Kibaptisti asiyekunywa. Kwa Kiswahili chetu jambo hili lina jina lake: alibambikiwa kesi. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshatiwa hatiani na kutozwa faini ya dola 600, fedha ambazo kwa mwenye shamba dogo la kuku zilikuwa mzigo wa kuvunja mgongo.

Niseme kidogo jambo la kwetu, kwa kuwa tarehe zinakutana. Mwezi huo huo wa Septemba 1959 ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda kusoma vyuo vya Marekani, na miongoni mwa waliosaini barua ya kuwachangia alikuwa mchezaji maarufu mweusi Jackie Robinson. Kwa hiyo katika siku zile zile ambazo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakipokelewa New York kwa shangwe, raia wa Marekani aliyepigana Korea chini ya bendera ya nchi hiyo alikuwa akikamatwa kwenye eneo la chuo cha jimbo lake kwa sababu aliomba kusoma.

Faini haikumnyamazisha, aliendelea kuandika. Septemba 1960 McCain alikwenda Chicago, mji uliomlea Kennard, akawahutubia wafanyabiashara akieleza kwamba watu wa Mississippi wanataka jamii yenye utengano, na kwamba weusi wenyewe hupendelea serikali ibaki mikononi mwa weupe. Mwezi huo huo, tarehe 25, magunia matano ya chakula cha kuku yenye thamani ya dola 25 yaliibwa katika ghala la ushirika wa wakulima wa Kaunti ya Forrest. Kijana wa miaka 19 aliyefanya kazi ghalani, Johnny Lee Roberts, alikamatwa, akasema kwamba Kennard ndiye aliyempangia wizi.

Kesi ilisikilizwa tarehe 21 Novemba 1960 mbele ya juri, yaani raia wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, na wote walikuwa wazungu. Juri ilikaa dakika 10. Katika dakika 10 watu 12 hawawezi hata kumchagua mwenyekiti wa harusi, lakini hawa waliweza kumwona mtu na hatia ya kushiriki wizi wa kuvunja ghala. Kennard akapewa kifungo cha miaka saba katika gereza la Parchman. Roberts, aliyekiri kwamba ndiye aliyeiba kwa mikono yake, alipewa kifungo cha nje. Na angalieni jinsi mambo yalivyopangika: mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai hakuruhusiwa kujiunga na chuo cha jimbo. Sharti la barua tano halikuhitajika tena.

Medgar Evers, ambaye kukataliwa kwake ndiko kulikozaa sharti lile, alikuwapo. Alitoa tamko kwamba hukumu ile ni mzaha juu ya haki. Kwa maneno hayo naye akashitakiwa kwa kuidharau mahakama, akahukumiwa siku 30 jela na faini ya dola 100, hukumu ambayo Mahakama Kuu ya jimbo ilikuja kuifuta. Katika karamu moja ya NAACP alisimama kueleza habari ya Kennard, na mtu yule ambaye alikuwa ameshazoea kwenda kuchunguza maiti za watu waliouawa mashambani akashindwa kumaliza sentensi zake. Akalia mbele ya umati. Mawakili wa NAACP walijaribu kuifikisha rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mahakama hiyo ikakataa kuisikiliza.

Parchman lilikuwa shamba kubwa la pamba lenye jina la gereza. Kennard alipelekwa kulima pamoja na wengine, na siku za mapumziko aliwafundisha wafungwa kusoma na kuwaandikia barua za nyumbani. Hata ndani ya gereza hakuacha kuwa mtu wa barua. Mwaka 1962 aligundulika kuwa na saratani, akafanyiwa upasuaji katika hospitali ya chuo kikuu mjini Jackson, na madaktari wakashauri aachiliwe kwa sababu hali yake ilikuwa mbaya. Alirudishwa gerezani. Mama yake na marafiki walieleza jinsi alivyodhoofika huku akipelekwa kazini na kunyimwa safari za uchunguzi alizoandikiwa. Ilihitajika kelele kutoka nje ya jimbo, ikiwamo ya mchekeshaji Dick Gregory, ndipo Gavana Barnett akaamuru aachiliwe mwishoni mwa Januari 1963. Akapelekwa Chicago. Tarehe 12 Juni mwaka huo, siku ambayo Kennard alitimiza miaka 36, Medgar Evers alipigwa risasi nje ya nyumba yake mjini Jackson akafa. Kennard alifariki wiki tatu baadaye, tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani.

Sasa, mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo sikulipenda lakini lilikuwa la haki: mwalimu, mtu huyu alifanya nini hasa? Hakuingia chuoni. Hakushinda kesi. Meredith aliandika barua kwa Thurgood Marshall, wakili maarufu wa haki za watu weusi, mwezi Januari 1961, miezi miwili tu baada ya Kennard kufungwa, akapata wakili hodari sana, Constance Baker Motley, akaipeleka Mississippi mbele ya mahakama za serikali kuu na akashinda. Je, Kennard hakukosea kuamini barua na miadi, badala ya kwenda mahakamani tangu mwanzo?

Ninakubali kwamba njia ya Meredith ndiyo iliyofungua mlango. Lakini mawakili waliposimama mbele ya majaji wa serikali kuu, hoja ya jimbo ilikuwa daima moja: kwamba hatuwakatai kwa sababu ya rangi, tunawakataa kwa sababu ya makaratasi, tabia, au haraka yao. Maisha ya Kennard yalikuwa yameshaionyesha thamani ya hoja hiyo. Huyu alikuwa na makaratasi kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, tabia iliyothibitishwa na mpelelezi wao wenyewe, na subira ya kuahirisha alipoombwa na gavana. Kila sharti walilolitaja, lilipokaribia kutimizwa, lilibadilishwa, mpaka likabaki moja tu wasiloweza kulitaja, na hapo ndipo zikaja chupa za wiski na magunia ya chakula cha kuku. Vijana wa Hattiesburg waliokuwa wakimsikiliza kwenye vikao walilielewa somo hilo bila kuandikiwa ubaoni. Walipoanza kuandamana na kuandikisha wapiga kura miaka michache baadaye, hawakupoteza muda kusubiri miadi.

Chuo chenyewe, kilichopandishwa hadhi mwaka 1962 kikaitwa University of Southern Mississippi, kilipokea wanafunzi weusi wa kwanza Septemba 1965: Raylawni Branch na Gwendolyn Elaine Armstrong. Mkuu wa chuo alikuwa bado McCain. Safari hii utawala ulipanga ulinzi ili pasitokee fujo, maana Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikuwa imeshaunganisha fedha za serikali kuu na uandikishaji usio na ubaguzi, na utaratibu ule ule wa kiofisi uliotumika kuzuia ukageuzwa kupokea. Lakini msidhani mji ulikuwa umetulia. Januari 1966 nyumba ya Vernon Dahmer, rafiki na mshirika wa Kennard, ilichomwa moto usiku na watu wa Ku Klux Klan, lile kundi la siri la weupe wabaguzi, naye akafa kwa majeraha.

Majalada ya ile Tume bunge lilitaka yafungwe kwa miaka 50, mpaka 2027, lakini mahakama iliamuru yafunguliwe mwaka 1998. Leo yanatunzwa na idara ya nyaraka na historia ya jimbo la Mississippi. Nawaomba mkumbuke kwamba William McCain, kabla hajawa mkuu wa chuo mwaka 1955, alikuwa mkurugenzi wa idara hiyo hiyo. Alikuwa mwanahistoria, aliyefundishwa kwamba karatasi haitupwi. Ushahidi wa vikao vyake na Kennard uko salama katika ofisi aliyoiongoza kwa miaka mingi.

Karatasi zile ndizo zilizowapa nguvu watu waliokuja kulifufua jambo hili. Mwandishi wa habari Jerry Mitchell wa gazeti la *Clarion-Ledger* alimfuata Johnny Roberts mwaka 2005, na Roberts, ambaye sasa alikuwa mzee, akasema kwamba Kennard hakumwambia aibe wala hakumwomba afanye jambo lolote la uhalifu. Kisha akayarudia hayo kwa kiapo. Mwalimu mmoja wa sekondari wa jimbo la Illinois na wanafunzi wake watatu, pamoja na wanasheria wa Chuo Kikuu cha Northwestern, wakakusanya ushahidi wakaomba msamaha wa gavana. Gavana wa wakati huo alikubali kwamba marehemu alionewa, akatangaza siku ya kumheshimu, lakini msamaha hakuutoa, kwa hoja kwamba aliyekufa haumsaidii kitu. Ndipo Mei 2006, katika mahakama ya kaunti ile ile iliyomfunga, Jaji Bob Helfrich akaifuta hukumu, akasema kwamba kwake hili si suala la weusi na weupe, ni suala la haki na batili.

Chuo nacho kilikuwa kimeshaanza kulipa deni lake kwa namna yake. Mwaka 1993 jengo la huduma za wanafunzi lilipewa jina la Kennard pamoja na la Walter Washington, mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu chuoni hapo. Maktaba ya nyaraka, mahali zinapohifadhiwa kumbukumbu za harakati za haki za kiraia, ina jina la McCain, na wanafunzi hupita kati ya majengo hayo mawili kila siku. Mwaka 2018 chuo kilimtunukia Clyde Kennard shahada ya heshima ya udaktari, miaka 55 baada ya kifo chake. Yeye alikuwa ameomba nafasi ya kumaliza mwaka mmoja uliobaki wa shahada ya kwanza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.